Kuiboresha skima ya protini kwa tangi la maji chumvi la lita 1,200

Kabla hujashika drili, pima hewa. Kazi ya skima, yaani kifaa kinachotoa uchafu kwenye maji chumvi kwa povu, inategemea hewa inayovutwa na kusagwa kuwa viputo vidogo, pamoja na utulivu wa kimo cha maji ndani ya mwili wake. Marekebisho mengi hushindwa kwa sababu fundi ameanza na pampu kubwa, kumbe shida ilikuwa tundu la hewa lililoziba kwa chumvi, au sampu (tangi dogo la vifaa lililounganishwa na tangi kubwa) ambayo maji yake hupanda na kushuka kutwa kucha. Ndiyo maana mpangilio hapa ni mmoja na haurukwi: pima, safisha njia ya hewa, tuliza kimo cha maji, weka koki inayofaa, halafu ndipo uguse mzunguko wa pampu. Kila hatua uipe siku tatu au nne. Ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo hutajua kipi kimesaidia na kipi kimeharibu.

Tuchukue tangi la sentimita 240 kwa 70 kwa 70. Hizo ni karibu lita 1,176. Ukitoa mawe na mchanga na kuongeza sampu, unarudi kwenye 1,200 hivi. Skima ni ile ya kukaa ndani ya sampu: mwili wa kipenyo cha mm 200, shingo inaanzia sentimita 50 kutoka chini, shingo yenyewe ni mm 120, na pampu ni moja tu yenye impela ya sindano (gurudumu lenye vijiti vinavyosaga hewa), inavuta maji ya sampu na hewa kwa pamoja. Vipimo vyako vikiwa tofauti, hesabu zifanye upya kwa namba zako.

Jambo moja liwe wazi kwanza. Uchafu unaoondolewa na skima ni ule wenye upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia. Huo hung'ang'ania ngozi ya kiputo na kupanda nacho. Lita moja ya hewa iliyogawanywa katika viputo vya milimita 2 ina ngozi ya mita 3 za mraba. Ikigawanywa katika viputo vya milimita 1, inakuwa mita 6. Chumvi ndiyo inayozuia viputo hivyo kuungana haraka, na ndiyo sababu kifaa hiki hakina faida kwenye tangi la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Hata hivyo skima bora ina kikomo: vipimo vilivyofanywa katika Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, vilionyesha kwamba skima za matangi ya nyumbani huondoa takriban asilimia 20 hadi 30 tu ya kaboni yote ya viumbe iliyoyeyuka. Inayobaki haishiki kwenye viputo, na hakuna marekebisho yatakayoilazimisha. Hiyo ni kazi ya mkaa na kubadilisha maji.

Kupima hewa kwa mfuko

Kipimo cha hewa chenye kidude kinachoelea kinafaa, lakini mfuko wa nailoni nao unatosha. Chukua mfuko mkubwa usiovuja, utie ndani ya ndoo na uujaze maji lita 10 kwa kipimo, kisha uweke alama pale yalipofika. Yamwage, ukaushe, ujaze hewa hadi kwenye alama, funga mdomo wake kwa mpira kwenye bomba la hewa la skima, na uanze kuhesabu sekunde. Mfuko ukinywea wote kwa sekunde 40, skima inavuta lita 900 kwa saa. Rudia mara tatu, chukua wastani, uandike pamoja na tarehe. Ukiwa na kifaa cha kupima wati kwenye plagi, andika wati pia: pampu ya sindano ikivuta hewa vizuri hula umeme kidogo, na hewa ikipungua wati hupanda kwa sababu inasukuma maji mazito badala ya mchanganyiko mwepesi. Baadaye wati peke yake zitakuonyesha kwamba njia ya hewa imeanza kuziba.

Njia ya hewa

Hapa ndipo penye faida ya bei rahisi kuliko zote. Fungua pampu, toa kipande cha venturi (mdomo mwembamba ambamo hewa huvutwa ndani ya maji) na ukimulike kwa tochi. Mara nyingi utaona pete ya chumvi nyeupe, ngumu, pale hewa inapokutana na maji. Loweka pampu nzima, impela na venturi katika siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, dakika 30 hadi 60, kisha usugue kwa mswaki laini. Usichokonoe tundu la venturi kwa msumari. Ukilipanua kidogo tu, uwiano wa hewa na maji umeharibika na haurudi.

Kisha angalia mpira wa hewa. Mpira wa tundu la mm 6 una eneo la milimita 28 za mraba. Wa mm 9 una karibu 64, zaidi ya mara mbili. Kama chuchu ya venturi inaruhusu, badilisha, na ufanye mpira uwe mfupi, usiwe na mikunjo. Kizuia sauti kiachwe, lakini hakikisha sifongo lake halijajaa vumbi.

Ncha ya mpira iwekwe juu, sentimita 10 au zaidi kupita sehemu ya juu kabisa ambayo maji ya skima yanaweza kufika. Pampu ikizimika, maji hurudi ndani ya mpira wa hewa hadi kimo cha maji mwilini. Ncha ikiwa chini, yanamwagika nje, na yakikaukia ndani ya mpira huacha chumvi.

Fikiria pia hewa yenyewe inatoka wapi. Skima inapuliza lita mia tisa za hewa ya chumba ndani ya maji kila saa. Dawa ya mbu ya kupuliza ina viuatilifu ambavyo kwa samaki, na hasa kwa kamba na kaa wa tangini, ni sumu kali hata kwa kiasi kidogo sana. Moshi wa dawa ya koili, rangi mbichi na vanishi navyo visikaribie. Ukilazimika kupuliza dawa, zima skima, fungua madirisha, subiri chumba kipate hewa safi ndipo uiwashe. Kinga ya kudumu ni kupitisha mpira wa hewa ukutani hadi nje, wenye wavu mwembamba kwenye ncha. Katika chumba kilichofungwa kwa ajili ya kiyoyozi, hewa ya nje huwa pia inapandisha pH, kwa kuwa kaboni dioksidi ya ndani ni nyingi.

Kimo cha maji kwenye sampu

Skima ya ndani ya sampu inafuata kimo cha maji yanayoizunguka. Maji yakipanda sentimita moja, povu linapanda na linaweza kuingia kikombeni (chombo cha juu kinachokusanya uchafu) likiwa jepesi kama maji ya kuoshea mchele; yakishuka, skima inakaa bila kukusanya kitu. Kama chumba cha sampu ni sentimita 60 kwa 50, kila lita 3 zinazokauka zinashusha kimo kwa sentimita moja kamili, na tangi kubwa katika joto la pwani hupoteza zaidi ya hapo kwa siku. Weka kizingiti cha kioo au akriliki ili chumba cha skima kibaki na kimo kilekile, na mabadiliko yote yahamie chumba cha pampu ya kurudisha maji. Kifaa cha kujaza maji baridi chenyewe nacho kiwekwe kwenye chumba hicho cha mwisho. Hapo skima nyingi "mbovu" hupona bila kutobolewa popote.

Koki: shaba haiingii hapa

Koki ya kufungua kwa robo mzunguko ni mbaya kwa kurekebisha skima, kwa sababu kuigusa kidogo tu kunabadilisha kimo kwa sentimita kadhaa. Inayotakiwa ni koki ya geti, ile inayozungushwa mizunguko mingi kutoka kufungwa hadi kufunguka, na iwe ya PVC tupu. Katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi utapewa ya shaba nyeupe, tena watakuapia kwamba haishiki kutu. Usiichukue. Shaba nyeupe ina shaba ndani yake, na maji chumvi huila taratibu. Matumbawe, konokono na kamba hufa kwa kiwango cha shaba ambacho samaki wengi wangekistahimili. Hali kadhalika tanki konekta za shaba, na skrubu za mabati.

Usipopata koki ya geti ya plastiki, tengeneza bomba la kimo. Chukua bomba la mm 40 linalosimama wima kwenye njia ya kutokea, na juu yake uvike kipande kingine cha bomba kinachoteleza, chenye oringi (pete ya mpira) katikati. Ukikipandisha, maji ya skima yanapanda; ukikishusha, yanashuka. Halizibi kwa urahisi kama koki, na kwa tangi lenye konokono wengi lina heri kuliko koki yenyewe.

Kuigeuza iwe ya mzunguko wa ndani

Hili ndilo rekebisho kubwa. Katika skima ya kawaida pampu moja ina kazi mbili: kuleta maji mapya na kusaga hewa. Ukitaka hewa zaidi unalazimika kupitisha maji haraka zaidi, na maji yanayopita haraka hayakai na viputo. Ukiigeuza, pampu ya viputo inavuta maji kutoka ndani ya mwili wa skima na kuyarudisha humohumo, na pampu ndogo ya pili ndiyo inayolisha maji mapya.

Tazama hesabu. Mwili wa mm 200 wenye maji ya kimo cha sentimita 50 unabeba karibu lita 15.7. Pampu ya awali ikipitisha lita 2,400 kwa saa, yaani 40 kwa dakika, maji yanakaa ndani sekunde 24 tu. Ukilisha lita 1,200 kwa saa, yanakaa sekunde 47, na katika muda huo yanapita kwenye impela zaidi ya mara moja. Tena maji yanashuka mwilini kwa karibu sentimita 1 kwa sekunde badala ya 2, kwa hiyo viputo vidogo kabisa, vinavyopanda polepole, vinapata nafasi ya kupanda badala ya kusombwa kuelekea tangini.

Utahitaji pampu ya kulisha ya lita 1,500 hadi 2,000 kwa saa (ikishapandisha maji itabaki na 1,200 hivi), bomba na viungo vya PVC vya shinikizo vya mm 32 na mm 40, yunioni tatu (viungo vya bomba vinavyofunguka), tii moja (kiungo cha njia tatu), koki ya geti ya mm 40, mipira ya kuzibia matundu, msumeno wa tundu, msasa wa 120 na 400, tupa, na gundi ya PVC.

Pampu ya viputo iache izame ndani ya sampu kama ilivyokuwa, ila mdomo wake wa kuvutia uunganishwe na mwili. Watu wengi huitoa nje kwa kuiga skima kubwa za dukani, lakini pampu nyingi ndogo zinategemea maji kuzipoza, na kiungo kikivuja nje ya sampu kinavuja sakafuni. Ndani ya sampu, tone linarudi mahali pake.

Matundu ni matatu. La kuvutia liwe sentimita 10 hadi 12 kutoka chini, upande usiotazamana na mdomo wa pampu unaopuliza viputo, na lisiwe dogo kuliko mdomo wa awali wa venturi, la sivyo pampu itakosa maji na kupiga kelele. La kulishia liwe kwenye sentimita 32 hadi 35, ili maji mapya yaanzie juu na kushuka wakati viputo vinapanda. La kutokea liwe chini kabisa. Kama skima yako tayari ina tundu hilo, tumia lilelile.

Akriliki inapasuka ukiiharakisha. Bandika tepu ya karatasi nje na ndani, tia kipande cha mbao kilichochongwa kwa mkunjo nyuma ya ukuta, zungusha msumeno wa tundu kwa mwendo mdogo huku mtu akidondoshea maji, na uinue kila baada ya sekunde chache. Ukiona unga umegeuka kuwa nyuzi laini zinazonata, joto limezidi, simama. Biti ya kawaida ya chuma usiitumie kwa tundu kubwa, kwa kuwa inapotokea upande wa pili hung'ata na kung'oa kipande. Baada ya kutoboa, lainisha ukingo kwa msasa wa 120 halafu 400, maana mkwaruzo mmoja ulioachwa ndio mwanzo wa ufa. Usifute akriliki kwa spiriti. Huleta nyufa nyembamba kama utando wa buibui, wakati mwingine siku kadhaa baadaye.

Shida inayowapata wengi hapa ni ukuta wa mviringo. Tanki konekta ya kawaida ina uso bapa, na kwenye mwili wa mm 200 haitazibika hata ukiikaza mpaka ilie. Tumia mpira mnene wa kuzibia bomba, aina ya Uniseal, unaoshika vizuri kwenye ukuta uliopinda. Angalia vipimo kwa kalipa kabla ya kulipa: ule wa inchi moja umetengenezwa kwa bomba la Marekani lenye kipenyo cha nje cha mm 33.4, na bomba letu la mm 32 litapwaya ndani yake. Ukubwa wa tundu la kutoboa ni ule aliouandika mtengenezaji wa mpira, wala usikisie. Ncha ya bomba ichongwe kwa tupa pande zote iwe kama penseli butu, ulowanishe mpira kwa maji tu, kisha usukume kwa kuzungusha. Sabuni, mafuta ya nazi au grisi visitumike kulainisha. Alama ndogo ya sabuni itafurisha skima siku nzima, na mafuta yatafanya kinyume chake: povu litakufa.

Silikoni haishiki vizuri kwenye akriliki wala PVC. Usiitegemee kuziba kiungo chochote. Gundi ya PVC ni ya PVC kwa PVC peke yake. Kila kiungo kikwaruzwe, kipakwe pande zote mbili, kisukumwe kwa robo mzunguko na kushikiliwa sekunde 30, kisha kiachwe saa 24 kabla ya kuguswa na maji ya tangi. Weka yunioni kwenye kila bomba linaloingia au kutoka mwilini. Bila yunioni, siku ya kusafisha utalazimika kukata kwa msumeno.

Sasa bomba la kutokea, ambalo kimo chake kinahitaji akili kidogo. Mchanganyiko wa maji na hewa ni mwepesi kuliko maji matupu. Kama hewa inachukua asilimia 15 ya nafasi, safu ya sentimita 50 ndani ya skima inasawazishwa na sentimita 42.5 za maji matupu kwenye bomba la nje. Kwa hiyo ukiweka kilele cha bomba la kutokea sawa na mwanzo wa shingo, kama mantiki ya haraka inavyoelekeza, skima itafurika daima na koki haitakusaidia. Kiweke kwenye sentimita 38 hadi 40, na koki ya geti iwe chini, kwenye sehemu ya bomba iliyolala, ili uwe na nafasi ya kupandisha kwa kuibana. Kwenye kilele funga tii yenye mdomo wazi juu. Bila tundu hilo la hewa, bomba linaweza kunyonya na kuvuta maji ya skima yote mpaka chini. Ncha ya mwisho iishie juu kidogo ya maji ya sampu, au iguse uso tu. Ukiizamisha sana, kimo cha sampu kinaanza tena kuitawala skima na umerudi ulikotoka.

Pampu ya kulisha iwe karibu na mahali maji ya juu ya tangi yanaposhukia, kwa sababu utando wa juu ndio wenye uchafu mwingi. Ivike kikapu cha plastiki. Kipande cha mwani kikipita kitanasia kwenye koki, na koki ikiziba, lita 20 kwa dakika hazina pa kwenda ila kikombeni.

Wavu kwenye impela

Rekebisho hili, la kuweka wavu mahali pa sindano za impela, lilikuwa na faida kubwa enzi za impela zenye sindano chache nene. Kama impela yako ina sindano nyingi nyembamba, liache. Utakachopata ni kelele tu. Kama ni ile ya zamani, nunua kwanza impela ya akiba, kwa sababu ukishakata sindano hazioti tena. Na hakikisha hezi (idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde) ni zilezile. Pampu hizi huzunguka kwa kufuata hezi za umeme: kwenye 60, kama Marekani na Saudia, ni mizunguko 3,600 kwa dakika, kwenye 50, kama Kenya, Tanzania na Oman, ni 3,000. Transfoma ya kushusha volti haibadilishi hezi, na impela ya pampu ya 60 haiwi na umbo moja na ya 50.

Wavu unaofaa ni wa nyuzi za nailoni zilizosukwa ovyo, kama Enkamat inayotumika kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kata sindano zibaki milimita 2 au 3. Kata miduara miwili ya wavu iliyopungua kidogo kuliko kipenyo cha ndani cha nyumba ya impela, ili pabaki nafasi ya milimita 2 kila upande. Kisha ushone. Toboa matundu sita ya mm 1.5 kuzunguka sahani ya impela kwa nafasi sawa, pitisha mshipi wa kuvulia wa nailoni wa kama mm 0.6, zungusha mara mbili kwenye kila tundu, na ufunge fundo upande wa chini karibu na kitovu, wala si pembeni. Fundo la pembeni linaongeza uzito upande mmoja, na kwa mizunguko 3,000 uzito huo mdogo unatikisa mhimili wa kauri hadi unakatika. Izungushe impela kwenye sindano iliyolala. Upande unaoshuka chini kila mara ndio mzito, upunguze nyuzi mbili tatu.

Pima hewa tena kwa mfuko. Usishangilie namba kubwa. Shingo ya mm 120 ina eneo la sentimita 113 za mraba. Hewa ya lita 900 kwa saa inapanda humo kwa sentimita 2.2 kwa sekunde, ya lita 1,350 kwa sentimita 3.3. Povu linalopanda kwa kasi hiyo halipati muda wa kuchuja maji yake, na kikombe kinajaa maji ya rangi ya chai hafifu. Kwa shingo hii, kwa uamuzi wangu, lita 1,000 hadi 1,100 zinatosha. Ukitaka zaidi, unataka skima yenye shingo pana.

Umeme unapokatika na kurudi

Pampu yenye wavu inaweza kufanya kazi vizuri mwezi mzima kisha ishindwe kuanza umeme ukirudi. Inatetemeka tu pale pale. Kwa hiyo ijaribu mapema: chomoa na uchomeke mara 20, ukisubiri sekunde 30 kila mara, ikiwa na maji ya tangi. Ikishindwa hata mara moja, punguza wavu.

Kikombe kitolewe bomba la mm 16 hadi kwenye dumu la lita 20, na ndani ya dumu uweke floti swichi (swichi inayoelea) ya volti 12 inayokata pampu zote mbili kupitia rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme mdogo). Umeme wa volti 230 usipitishwe kwenye floti yenyewe. Kinga hii ni ya lazima kwa sababu ya mnyororo ufuatao: skima ikifurika, maji ya chumvi yanatoka, kifaa cha kujaza kinaona sampu imepungua na kuleta maji baridi. Lita 60 zikitoka hivyo, chumvi ya tangi la lita 1,200 inashuka kutoka gramu 35 hadi karibu 33 kwa lita, na kwa matumbawe huo ni mshtuko. Saketi yote ipite kwenye kikata umeme cha mA 30, na kila waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone lianguke sakafuni.

Kuiwasha na kuisikiliza

Endesha kwanza kwa maji ya chumvi kwenye pipa saa kadhaa, ukitafuta uvujaji kwa karatasi ya jikoni iliyofungwa kwenye kila kiungo. Ikisharudi kwenye sampu, fungua koki yote, subiri siku moja, halafu ubane kwa nusu mzunguko hadi mpaka wa maji na povu ufike mwanzo wa shingo. Kuanzia hapo rekebisha kwa robo mzunguko, si zaidi ya mara moja kwa siku. Plastiki mpya ina mafuta ya kiwandani. Usihukumu chochote kabla ya siku tano hadi saba, mpaka utando utelezi uote ndani ya shingo.

Povu likianguka ghafla, uliza kwanza samaki walilishwa nini: chakula chenye mafuta huua povu kwa saa kadhaa, kisha hurudi lenyewe. Likifurika ghafla, angalia kama kuna gundi mpya ya matumbawe, dawa ya kutibu maji, au mkono uliooshwa kwa sabuni. Kimo kikipandapanda na kushuka kama pumzi, kuna maji yaliyonasa kwenye mpira wa hewa. Viputo vikionekana tangini baada ya wiki mbili, punguza ulishaji hadi lita 1,000. Wati zikipanda taratibu, ni chumvi kwenye venturi: vutisha nusu lita ya maji ya vuguvugu yasiyo na chumvi kupitia mpira wa hewa, na urudie kila wiki mbili. Shingo ifutwe kwa kitambaa kila baada ya siku tatu, kwani ukoko wa ndani unavunja povu kabla halijafika kikombeni. Mfuko wa lita 10 utumie tena kila mwezi, uandike namba kwenye daftari lilelile.